Kisagara Kati ya Mjomba na Mpwa: Mjadala kutoka Masanze

Kata ya Masanze iko wilayani Kilosa, katika jimbo la Mikumi, na wenyeji wa asili wa upande huo ni Wasagara. Swali linalobishaniwa hapa ni fupi. Je, Kisagara ni lugha kamili, au ni lahaja tu ya kitu kikubwa kinachoanzia Pwani kwa Wakwere na Wazaramo, kikapita Morogoro kwa Wakutu na Waluguru, kikaishia Dodoma kwa Wagogo? Mtu anaweza kudhani hilo ni suala la wasomi wasio na kazi, lakini jibu lake lina madhara ya kila siku. Ndilo linaloamua kama kuna atakayejisumbua kutunga kamusi, kama watafsiri wa Biblia watapiga hodi au watakuelekeza usome kitabu cha jirani, na kama kijana atataja kilugha chake kwa kujiamini au kwa kunong'ona. Wasagara, kama Wakaguru, Waluguru na Wavidunda, kwa asili hufuata ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa hiyo nimempa mjomba kazi ya kutetea hadhi ya Kisagara, na mpwa kazi ya kuipinga. Si watu halisi, ni hoja mbili nilizozikalisha pamoja. Na mimi si mwamuzi wa kati: naegemea kwa mjomba, ingawa si kwa sababu zake zote.

MPWA: Shikamoo, mjomba. Niwie radhi, maana nimekuja kubomoa. Unasema Kisagara ni lugha, lakini ukimsikiliza Mkaguru wa kaskazini mwetu, au Mvidunda wa milimani kule juu ya Kidodi, au Mkutu wa mashariki, unapata maneno mengi bila kufundishwa. Malcolm Guthrie alipozigawia lugha za Kibantu herufi na namba, alituweka safu moja na Kizigula, Kizaramo, Kingulu, Kiluguru, Kikami na Kikutu. Kividunda akakipa G38, Kisagara G39. Kikaguru akakitoa nje ya safu hiyo, akakifanya G12, jirani wa Kigogo kilicho G11. Mwaka 1980 wakaja Derek Nurse na Gérard Philippson, wakalinganisha msamiati, wakasema sisi, pamoja na Wakaguru na Wagogo, ni jamii moja ya lugha za Ruvu. Sasa mjomba, kama wataalamu wenyewe wanauhamisha mpaka, leo unapita katikati ya Kilosa na kesho haupo, wewe unaulinda mpaka gani? Na hata ndani ya hicho Kisagara hatuko sawa. Orodha za kimataifa zinataja Kitumba, Kikondoa, Kikwenyi, Kikwifa. Ukidai hadhi ya lugha kwa Kisagara, Mkwifa naye atadai yake, na hutakuwa na neno la kumzuia ambalo Mkaguru hawezi kukurudishia wewe. Mimi naona heri tukubali kwamba tuna lahaja, tuiseme tukiwa na wazee, na mambo mengine yote tuyafanye kwa Kiswahili kama tunavyofanya sasa.

Hoja ya mpwa ina nguvu, tena ina nguvu kuliko anavyojua mwenyewe, kwa hiyo inafaa ichambuliwe polepole. Watafiti wanaotaka kujua kama semi mbili ni lugha moja hutumia njia mbili kuu. Ya kwanza ni kukusanya orodha ya maneno ya msingi, mia moja au mia mbili hivi, kama vile jicho, maji, jiwe, kula na kufa, kisha kuhesabu mangapi yanafanana kwa asili. Ya pili ni kurekodi hadithi kwa usemi wa kijiji kimoja, kuipeleka kijiji kingine, na kuwauliza wasikilizaji maswali ili kuona wameshika kiasi gani. Njia zote mbili ni halali na zimeleta maarifa mengi. Tatizo ni kile kinachotokea baada ya namba kupatikana. Chukua neno la kumtaja mtu: Mgogo, Mkaguru na Mzaramo wote husema munhu, na Mluguru husema munu. Mpwa atashangilia kwamba ushahidi umepatikana. Lakini Msukuma wa Mwanza naye husema munhu, wala hakuna anayedai kwamba Kisukuma na Kizaramo ni lugha moja. Neno moja halithibitishi kitu, na maneno mia yakihesabiwa yanatoa kiwango tu: sabini kwa mia hapa, themanini pale. Aliyeamua kwamba sabini ni lugha mbili na themanini ni lahaja mbili ni binadamu aliyeketi mezani, akachagua pa kukata.

Njia ya pili nayo ina matatizo yake. Kuelewana hakuendi sawa pande zote: Msagara anayeuza mahindi Kilosa mjini husikia Kikaguru mara kwa mara, wakati Mkaguru asiyeshuka kutoka milimani hana sababu ya kusikia Kisagara, kwa hiyo mmoja atamwelewa mwenzake zaidi ya anavyoeleweka. Tena uelewano huenda kwa mnyororo. Kijiji cha kwanza kinaelewana na cha pili, cha pili na cha tatu, lakini cha kwanza na cha kumi haviwezi kupiga soga. Ukiufuata mnyororo wa Ruvu toka bondeni hadi Ugogoni huoni mahali palipokatika, ila ukiwakutanisha watu wa ncha mbili, watabadili mara moja waende kwenye Kiswahili. Na hapo ndipo ugumu mkubwa wa zama zetu ulipo: karibu kila anayepimwa anajua Kiswahili vizuri, na anapoisikia hadithi ya jirani anajaza mapengo kwa Kiswahili bila kujua. Mizani ya sokoni inasema kilo ngapi, bei inapangwa na watu. Kwa hiyo mpwa anakosea anaposema kwamba kwa kuwa mpaka unahamishika, basi Kisagara si lugha. Kinachofuata ni kidogo kuliko hicho: hadhi haikutoka kwenye vipimo, na inabidi tuitafute ilikotoka.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Umeleta namba, nami naleta historia. Jina letu lilijulikana kabla ya majina mengi unayoyataja. Richard Burton na John Speke walipopita njia ya misafara mwaka 1857 walivuka milima waliyoiita ya Usagara. Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters alifika na karatasi zake za mikataba, na kila mtoto wa shule anajua habari za Chifu Mangungo wa Msovero aliyetia saini. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani alipotoa barua yake ya ulinzi, Usagara ilitajwa humo pamoja na Unguru, Uzigua na Ukami. Leo unaniambia sisi ni lahaja? Ya nani? Wakati huohuo mmisionari wa Church Missionary Society (CMS), J. T. Last, alikuwa amekaa Mamboya, kaskazini mwa Kilosa, nchi ambayo wageni wa siku zile waliihesabu kuwa sehemu ya Usagara. Akaisoma lugha ya pale, na mwaka 1886 sarufi yake ikachapishwa ikiwa na jina la Kikaguru. Hapo ndipo njia zilipoachana. Sisi jina letu lilitiwa kwenye mikataba ya kunyang'anyia ardhi, wenzetu la kwao likatiwa kwenye sarufi. Baada ya hapo mwanaanthropolojia T. O. Beidelman akaandika vitabu kadhaa juu ya Wakaguru, na mwaka 2008 Malin Petzell akatoa kitabu kizima cha sarufi, hadithi na msamiati wa Kikaguru. Nani atathubutu leo kumwambia Mkaguru kwamba lugha yake ni lahaja ya Kisagara? Mwaka 1880 wangeweza.

Mjomba amesema jambo kubwa, kisha akalichanganya na jambo dogo. Dogo ni ile fahari ya jina. Usagara iliyoandikwa kwenye barua ya Kaizari lilikuwa jina la eneo, lililotajwa na wapagazi na wafanyabiashara wa misafara, likanukuliwa na wasafiri, likaingizwa katika madai ya kampuni ya Peters. Halikuwa na uhusiano wowote na kupima nani anasemaje. Ukubwa wa jina haufanyi lugha. (Kilosa hiyohiyo ina kata iitwayo Ulaya, kwa hiyo ni wilaya ambayo mtu anaweza kwenda Ulaya kwa baiskeli na kurudi kabla ya jua kuzama, majina ya huku hayajawahi kutii ramani ya mtu.) Jambo kubwa ni lile la Last. Tofauti kati ya Kikaguru na Kisagara haikuanzishwa na mmisionari, ilikuwapo midomoni mwa watu. Lakini tofauti za namna hiyo zipo kila baada ya mto na kilima, na nyingi hazina jina linalojulikana nje. Hii imepata jina la lugha kwa sababu mtu alikaa chini, akasikiliza, akaandika kanuni zake, akazichapisha. Hadhi ilikuja baada ya kazi. Hii ndiyo hoja yangu katika mjadala huu wote: mara nyingi anayesema "hii ni lahaja tu" anatoa taarifa kwamba kuna kazi ambayo haijafanywa, ila anaitoa kana kwamba anaeleza maumbile ya lugha yenyewe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuhitaji kwenda mbali kuuona ushahidi. Mwaka 1928 wawakilishi wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili sanifu kijengwe juu ya Kiunguja. Kimvita, usemi wa Mombasa, kilikuwa na ushairi ulioandikwa kwa karne nzima na zaidi, na wamisionari wa Mombasa walikuwa wamekifanyia kazi na kukitetea kwa bidii. Kilishindwa kwa sababu za utawala, biashara na shule, wala hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba kilipungukiwa na kitu chochote cha kisarufi. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaundwa, na tangu hapo Kimvita ni lahaja. Upande mwingine wa bahari kuna Kingazija, ambacho orodha za zamani za lahaja za Kiswahili zilikitaja bila wasiwasi mstari mmoja na Kipemba na Kimtang'ata. Leo Kikomoro, ambacho Kingazija ni sehemu yake, kinatajwa katika katiba ya Komoro kama lugha rasmi, na wanaisimu wanakihesabu kuwa ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, si mtoto wake. Kusini zaidi, mwanaisimu Clement Doke alipounganisha semi za Washona mwaka 1931, Kindau kilihesabiwa kuwa mojawapo ya lahaja zao. Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 imekitaja Kindau peke yake, mbali na Kishona, kati ya lugha 16 rasmi. Wandau hawakuamka asubuhi moja wakisema tofauti na jana yake.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu kwa karibu, kwa kuwa ni wa jamii ya jirani. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani kwenda Somalia, wakatoroka na kukaa bonde la mto Juba, nao wakaendelea kusema Kizigula. Katika orodha za kimataifa Kizigula cha Tanga kikapewa alama yake, na kile cha Juba, kwa jina la Kimushungulu, kikapewa alama nyingine, kama lugha mbili. Vita vya Somalia vilipowarudisha baadhi yao Tanzania, wakawekwa makazi ya Chogo wilayani Handeni na baadaye kupewa uraia, walikutana na Wazigua wa Handeni na mazungumzo yakaendelea. Basi hapa kuna semi mbili zinazoelewana zikiitwa lugha mbili kwa sababu kati yao kuna mpaka wa nchi na miaka zaidi ya mia na hamsini. Na kule India na Nepali kuna kisa cha kinyume chake. Kibajika, kinachosemwa Muzaffarpur, Vaishali na Sitamarhi katika jimbo la Bihar, kiliwekwa na George Grierson katika ukaguzi wake mkubwa wa lugha za India chini ya Kimaithili, kama lahaja yake ya magharibi. Kimaithili kikapigania hadhi na mwaka 2003 kikaongezwa katika jedwali la nane la katiba ya India. Kibajika kimebaki nje, kikihesabiwa ndani ya tumbo la jirani. Lakini ukivuka mpaka kuingia Nepali, sensa inakihesabu kama lugha inayojitegemea, na ile ya mwaka 2011 ilipata wasemaji wanaokaribia laki nane. Wasemaji wa upande huu na wa ule wanaelewana. Kinachotofautiana ni karatasi ya karani wa sensa.

MPWA: Haya mjomba, tuseme nimekubali kwamba hadhi hutengenezwa. Basi kwa nini tutengeneze kitu kidogo? Wewe mwenyewe unajua vijana wa Masanze wanaongea Kisagara kwa kuchanganya. Tukijitenga tunapotea. Tukiungana na Wavidunda, Wakaguru, Wakutu, Waluguru, Wakami, Wakwere na Wazaramo tunapata lugha moja ya Ruvu yenye wasemaji wengi mno, tunatunga sanifu moja, tunachapa kitabu kimoja badala ya vinane. Doke aliwafanyia hivyo Washona na leo Kishona kina riwaya, magazeti na walimu. Huo ndio ukubwa, si kulia na jina la Usagara.

MJOMBA: Waulize Waluhya wa Kenya. Katika miaka ya 1940 wamisionari na wazee wao waliunda kamati ya kuwa na Kiluhya kimoja cha maandishi, na Bi Appleby akachapisha sarufi yake mwaka 1947 kwa kufuata semi za katikati. Walogooli walikuwa tayari na Agano Jipya lao tangu miaka ya 1920, hawakuona kwa nini waliache. Wabukusu nao hawakujiona ndani yake. Leo mtu wa Bungoma akisema Kiluhya, anakusudia Kibukusu. Unataka nasi tuanze kitu ambacho Mzaramo atakiona Kiluguru, Mluguru akione Kikaguru, na Msagara asikione kabisa?

Hapa mpwa amefika kwenye pendekezo zito kuliko yote, na mifano yao miwili ikiwekwa pamoja inafundisha zaidi ya alivyokusudia yeyote kati yao. Kwa nini Kishona kilifaulu na Kiluhya kikakwama? Si kwa sababu Waluhya hupenda kugombana. Kishona sanifu kilikuwa na serikali ya Rhodesia ya Kusini nyuma yake, kikafundishwa shuleni, kikatahiniwa, na mtoto wa Kizezuru na wa Kikaranga, semi mbili za Washona, wakalazimika kukisoma kitabu kilekile miaka nenda miaka rudi. Kiluhya hakikupata msukumo wa namna hiyo wa kutosha, na madhehebu yaliyogawana nchi ya magharibi ya Kenya kila moja lilikuwa na matbaa yake na usemi wake. Lugha ya kuunganisha semi nyingi haina nyumba ambamo mtoto huipata kwa mama. Lazima kuwe na shule au dola ya kuisukuma. Tanzania haina mpango wa kufundisha lugha yoyote ya jamii shuleni: elimu ya msingi ni kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na redio zenye leseni hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza. Katika hali hiyo Kiruvu sanifu kingezaliwa hakina mwalimu wala msikilizaji. Kisingekuwa na mama wa kukisema wala mtihani wa kukilazimisha. Kwa hiyo kinyume na hesabu ya mpwa, katika nchi yetu kitu kidogo ndicho chenye nafasi kubwa ya kuishi, maana nguvu pekee inayobaki nyuma yake ni watu wanaokisema nyumbani na wanaotaka kukisoma wakajisikia wenyewe.

Hata hivyo ukaribu wa semi za Ruvu ambao mpwa ameusisitiza haufai kutupwa. Una kazi yake, na kazi hiyo ni tahajia. Msagara, Mkaguru na Mluguru wakiandika sauti zinazofanana kwa herufi zinazofanana, kila mmoja anaweza kusoma kitabu cha mwenzake kwa juhudi kidogo bila yeyote kuacha usemi wake. Mambo ya kukubaliana si mengi, ila yanahitaji uvumilivu. Ile n yenye pumzi katika munhu iandikweje? Kiambishi cha jina la lugha kiwe ki au chi, kama Wakaguru wanaojiita wasemaji wa Chikagulu? Na je, ni r au l? Kiswahili kinaandika Kisagara na Kikaguru, wanaisimu wengi wanaandika Kisagala na Kikagulu, kwa kufuata matamshi ya wenyewe. Mkutano mmoja wa wazee, walimu na wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ungeweza kuyamaliza hayo. Sanifu moja ingehitaji vizazi viwili na wizara.

MPWA: Umoja je, mjomba? Nchi hii ilijengwa kwa kuacha kuulizana makabila. Leo unataka kila bonde lijitangaze lugha. Kesho litadai wilaya.

Hofu hii haifai kuchekwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) likaanzishwa, na serikali, baada ya sensa ya mwaka huohuo, ikaacha kabisa kuuliza kabila. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza, na ukilinganisha na majirani, ni vigumu kusema uamuzi huo ulikuwa mbaya. Nisingependa swali hilo lirudi. Lakini angalia gharama yake kwa upande wa maarifa. Idadi ya wasemaji wa Kisagara inayonukuliwa mara kwa mara ni 79,000, na hayo ni makadirio ya mwaka 1987, kabla wazazi wa baadhi ya vijana wa leo wa Masanze hawajazaliwa. Hesabu ya lugha zote za Tanzania nayo inapanda na kushuka, wengine husema zaidi ya 120, wengine karibu 150, kutegemea nani amemmeza nani kama lahaja. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa mwaka 2009 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa jaribio la kweli la kujaza pengo hilo bila kurudisha siasa za ukabila, na inaonyesha kwamba mambo hayo mawili yanatenganishika. Zaidi ya hapo, Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 haisemi lugha za jamii zizimwe. Inahimiza watu wajivunie lugha zao, inahimiza zitafitiwe, ziandikwe na zitungiwe kamusi na sarufi. Mpwa anaogopa jambo ambalo sera ya taifa imelihimiza tangu mwaka 1997. Na tusisahau mlolongo halisi wa mambo: kudai wilaya huanza na ardhi, maji na idadi ya kura. Sijui harakati yoyote ya kugawa nchi iliyoanzishwa na kamusi.

Kuna pingamizi moja gumu zaidi ambalo mpwa hakulisema, na haki inataka nimsemee. Huenda tumechelewa. Kilosa si bonde lililofungwa. Mashamba ya mkonge yalileta manamba kutoka pande nyingi za nchi, reli ya kati ikaleta wengine, viwanda vya sukari vya Kilombero vikavuta vijana kuelekea Kidatu, wafugaji wa Kimaasai na Wabarbaig wakafika na ng'ombe wao, na vijiji vya ujamaa vikawakalisha watu wa asili tofauti nyumba kwa nyumba. Katika mkusanyiko kama huo Kiswahili hakikulazimishwa na mtu, kilihitajika. Karsten Legère, aliyekitafiti Kividunda, aliuliza waziwazi kama kiko hatarini, na alichokieleza ni Kiswahili kikichukua nafasi moja baada ya nyingine katika maisha ya watu. Kama hali ni hiyo milimani kwa Wavidunda, basi tambarare ya Masanze haiwezi kuwa salama zaidi. Hapo mjomba husema kwamba hadhi itaokoa. Simfuati. Kuitwa lugha hakujamzuia mtoto yeyote kumjibu bibi yake kwa Kiswahili. Ninachokitetea ni tofauti: hadhi huwashawishi wenye kalamu, vinasa sauti na fedha za utafiti kwamba kuna kitu cha kuandikwa, na kukiandika kunawezekana hata kama wasemaji wanapungua. Lahaja huahirishwa. Mtafiti mwenye bajeti ya lugha tatu atachagua Kikaguru, Kiluguru na Kizaramo, ataamini kwamba Kisagara kimewakilishwa, na miaka ishirini baadaye hatakuwapo wa kumsahihisha.

Imebaki ugomvi mmoja ambao mjomba na mpwa hawajaumaliza, na safari hii kila mmoja amehamia upande ambao sikuutarajia. Wamekubaliana kuandika. Mjomba anataka kazi ianzie kwa wazee wa milimani, kwenye Kisagara anachokiita safi, kisha Masanze ifuate kama itabaki nafasi. Mpwa, ambaye tangu mwanzo alisema yote ni lahaja, sasa anauliza kwa nini usemi wa bondeni, wenye maneno ya Kikaguru, Kividunda na Kiswahili ndani yake, uhesabiwe kuwa umeharibika. Naona mpwa ana haki, na anamtwanga mjomba kwa hoja ya mjomba mwenyewe: anayetafuta Kisagara safi anamfanyia mtu wa Masanze kilekile ambacho Grierson alimfanyia Mbajika, yaani anamhesabu ndani ya jirani yake kabla hajamsikiliza. Kamusi inayofaa ingeweka kila neno pamoja na mahali liliposikiwa, Masanze ikiandikwa Masanze, mlimani pakiandikwa mlimani, na pale maneno mawili yanapogongana yote mawili yaingie. Mjomba anasema kitabu cha namna hiyo kitakuwa kinene na kitachelewa. Mpwa anasema Masanze pekee inaweza kukusanywa msimu mmoja wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na watu wana nafasi ya kukaa.